Mstari Mmoja, Moshi Mmoja

Mabango ya MARUFUKU KUVUTA SIGARA katika mji ule, la hospitali, la kituo cha mafuta, la ghala la magodoro, hata lile la jumba la sinema lililofungwa zamani, yote yalichorwa na mtu mmoja, na alipokuwa akiyachora sigara ilikuwa mdomoni. Yeye hakuona ajabu. Aliyemtania alijibiwa kwamba hata fundi wa majeneza hulala kitandani.

Watu walimwita Fundi Mstari, na jina hilo hakulipata kwa hongo. Wachora mabango wengine hupiga kamba yenye chaki, huweka rula, hubandika utepe pembeni, na bado mstari wao hupepesuka. Yeye vyote hivyo alividharau. Alisimama mbele ya bati, akachovya brashi, akavuta moshi mpaka mashavu yakabonyea, akaubana kifuani, kisha akautembeza mkono kutoka ukingo mmoja hadi wa pili bila kusita. Mkono ulipofika mwisho ndipo moshi ulipotoka puani. Mstari mmoja, moshi mmoja. Wenzake walikuja na rula zao kumpima, wakaondoka nazo kimya kimya.

Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba sigara ni mbaya. Alikuwa na hakika kwamba mistari ile ilikaa ndani ya paketi, na kwamba siku atakayoacha kuvuta ndiyo siku atakayoanza kutafuta kazi ya kufagia.

Aliishi na mkewe katika chumba kimoja kirefu cha kupanga, mlango wake ukitazama barabara. Walipohamia, ndoa ikiwa bado mbichi, alikigawa mwenyewe kwa ukuta wa mbao. Mbele ikawa karakana yake, nyuma kikawa chumba cha kulala, na humo mkewe akaweka cherehani yake, maana alikuwa mshona mapazia na foronya. Shida ya chumba cha nyuma ilikuwa mwanga. Dirisha lake lilikuwa dogo na lilitazama ukuta wa jirani. Basi fundi hakuufikisha ukuta wake darini. Aliacha nafasi ya shubiri mbili juu, kutoka pembe hadi pembe, ili mwanga wa dirisha kubwa la karakana umfikie mkewe akishona.

"Sitaki uharibu macho yako kwa ajili ya mapazia ya watu," alimwambia. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na ni haki tuliseme hilo mapema, maana mbele ya safari mtu huyu hatatupendeza sana.

Alikuwa pia na sheria yake, na aliitangaza kila alipopata msikilizaji: chumbani kwa mkewe havuti. Alivuta karakanani, na kabla ya kuwasha alisimama akaufunga mlango wa kati. Aliufunga vizuri, akausukuma kwa kisigino kuhakikisha. Wala siku hata moja hakuinua macho kutazama juu ya mlango. Mtu aliyeweza kuona upotofu wa unywele mmoja kwenye bango la mwenzake alifunga mlango miaka yote hiyo chini ya tundu linalopitisha mtu mzima akiamua kupenya. Mkewe akisema, "Baba, moshi unakuja huku," alijibu kwa dhati kabisa, "Mlango nimefunga, Mama. Huo utakuwa wa jirani."

Mara tatu mkewe alimwomba aache. Mara ya kwanza ni alipozaliwa mtoto wao wa kwanza. Fundi akawa anatoka kuvutia nje, mpaka mvua zilipoanza akarudi ndani, na zilipokwisha hakukumbuka kutoka tena. Mara ya pili ni kifua cha mama mwenyewe kilipoanza kupiga filimbi akipanda ngazi. Fundi aliapa, akakaa siku kadhaa akiwa mkali kama pilipili, akaharibu ubao mmoja, akawasha. Mara ya tatu mkewe hakuomba hasa. Alimwuliza tu, "Hivi kweli huwezi?"

Fundi akamshika mkono, machozi yakamlengalenga, na hayakuwa ya bandia. "Mke wangu, siwezi. Ningekuwa naweza ningeacha leo hii. Imeshaingia kwenye damu."

Mkewe alimwamini. Toka siku hiyo hakumsumbua tena, bali akawa wakili wake. Dada yake mkubwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani, alipokuja kutembea na kuanza kukohoa kwa makusudi, mke alimkatiza. "Usimseme, dada. Hawezi. Ule ni ugonjwa. Mwenye kifafa utamgombeza kwa kuanguka?" Fundi, upande wa pili wa ukuta, alisikia kila neno kupitia ile nafasi ya juu, na maneno yale yalimtuliza kama chai ya moto. Ni raha kubwa kuhurumiwa kwa jambo unalolipenda.

Watoto walikua wakaenda zao. Kifua cha mama kikazidi. Akawa anashona pazia kwa vipande, anapumzika, anashona tena. Asubuhi moja fundi alisikia cherehani imenyamaza katikati ya mshono, akangoja, haikuendelea. Alimkuta mkewe ameinama juu ya kitambaa, midomo imebadilika rangi, akiitafuta hewa kwa mabega.

Hospitalini daktari alisikiliza mgongo wa mama, akatazama picha ya kifua kwenye taa, akauliza kwa upole, "Mama, umevuta sigara kwa muda gani?"

Mke akatabasamu ndani ya barakoa ya hewa. "Mimi? Sijawahi hata kuishika."

Daktari aligeuka akamtazama mume, akatazama vidole vyake viwili vya njano. Fundi naye akatafuta pa kuweka macho, akayapeleka ukutani, na ukutani lilikuwepo bango. Lilikuwa lake. Alilifahamu kwa mkia wa herufi ya mwisho. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile, Mungu amsamehe, mate yalimjaa mdomoni kwa hamu ya kutoka nje kuvuta.

"Atapata nafuu kiasi," daktari alisema walipokuwa mlangoni. "Kupona kabisa hakuna. Lakini nyumba yenye moshi harudi. Sisemi upunguze, mzee. Nasema moshi usiwepo kabisa."

Dada yake mama, aliyekuja mbio baada ya kupata habari, alikuwa amesimama palepale. "Shemeji, mimi sina maneno mengi," akasema, kisha akayasema mengi, na wagonjwa wote wa foleni wakayafaidi. La msingi lilikuwa hili: anamchukua mdogo wake nyumbani kwake, na fundi asije kumdai mpaka atakapokuwa ameachana na ule uchafu. Mke, kwenye kiti cha magurudumu, aliinua mkono kidogo. "Dada, mwache," alisema, na pumzi ikamwishia hapo.

Basi fundi akabaki na chumba kirefu, cherehani iliyofunikwa kitambaa, na jambo moja la kufanya. Siku ya kwanza alitupa jongoo na mti wake: paketi, kiberiti, kisahani cha majivu alichotumia tangu ujana. Siku ya pili alimwendea seremala.

Seremala alikuwa wa mlango wa pili, mwenzake wa kuvuta, na urafiki wao ulisimama juu ya kiberiti kimoja: huyu akiwa nacho yule hakununua. Alipoambiwa habari ya kuacha, alikunja uso kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. "Wewe ukiacha, mimi nitavuta na nani?"

"Mke wangu, jirani."

"Naelewa. Lakini usiache ghafla, utaumwa. Mwili unashtuka. Vuta nusu." Akamkatia nusu kwa msumeno mdogo wa kazi, kwa ustadi wote wa fundi mwaminifu, akampa. Marafiki wa namna hii hawana ubaya moyoni, ndiyo maana ni wabaya.

Nusu ikazaa nusu. Akaenda kliniki ya kifua, akakutana na muuguzi, msichana aliyelingana na binti yake wa mwisho.

"Baba, ukiamka kitu cha kwanza ni nini?"

"Sigara."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nimelala."

Msichana akacheka, lakini hakumwachia. Akamdadisi: akinywa chai? akigombana? akishika brashi? Kila alipojibu aligundua kwamba hakuna kitu alichokifanya bila sigara isipokuwa kuoga, na hata hapo iliwekwa ukingoni mwa dirisha ikimsubiri. "Unaona," muuguzi akasema, "sumu yenyewe mwilini haikai sana. Inayokaa ni kumbukumbu ya mkono. Mkono ukishika kikombe unadai na mwenzake. Hamu ikija, ihesabu kuwa mgeni mkorofi. Usigombane naye mlangoni, na kiti usimpe. Kunywa maji, tembea, ngoja. Ataondoka mwenyewe. Atarudi, lakini kila akirudi atakaa kidogo kuliko jana. Na ukianguka, usijiambie umeshindwa. Umeanguka tu, inuka."

Fundi alitoka pale akinung'unika kwamba vitoto vya siku hizi vinafundisha wazee kunywa maji. Lakini aliyanywa. Alikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Alijikaza, akapata siku kadhaa safi, na ndani ya siku hizo akamtukana mteja, akalia kwa sababu ya kikombe kilichovunjika, akalala mchana na kukesha usiku. Kisha ikaja kazi ya duka la dawa, bango refu lenye mstari mwekundu chini ya jina. Alichovya brashi, akanyanyua mkono, na mkono ukamsaliti. Mstari ulianza vizuri, ukashuka, ukajirekebisha kwa kishindo, ukaishia juu. Mwenye duka alikuja, akautazama, akauliza kwa adabu kama fundi ana mwanafunzi siku hizi.

Jioni hiyohiyo alivuta ya seremala, nzima, na akaurudia mstari. Ukanyooka. Alitamani kufurahi na alitamani kutapika, vyote kwa pamoja.

Jumapili alikwenda kumtazama mkewe. Njiani alitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Shemeji alimpokea mlangoni, akanusa mara moja. "Karafuu," akasema. "Karafuu nzuri. Imefunika nini?"

Fundi akauficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Kutoka kitandani ikaja sauti ya mkewe, nyembamba, yenye vituo: "Dada. Mwache apite. Hawezi... nimekwambia siku zote. Hawezi."

Miaka yote maneno hayo yalimtuliza. Siku hiyo yalimchoma. Alikaa pembeni ya kitanda cha mtu asiyeweza kuvuka sebule bila kupumzika, na mtu huyo ndiye alikuwa akimwonea huruma yeye. Aliona kwamba mkewe angekufa akimtetea, na kwamba yeye angekubali kutetewa. Alirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima akisema peke yake, "Nitamwonyesha. Nitamwonyesha kwamba naweza." Nia ilikuwa njema. Kosa alilijua baadaye.

Safari hii aliacha kweli, na tusidanganyane, iliuma. Aliacha chai kwa sababu kikombe kilimkumbusha. Alihama kiti. Alipita barabara ya nyuma asionane na seremala, na seremala akanuna wiki nzima. Hamu ilikuja, ikagonga, akaiacha ikigonga, akatembea karakanani huku na huku akiuma kitambaa. Kuna alasiri alijifungia ndani, akampa mwenye nyumba ufunguo kupitia dirishani, aje kumfungulia jua likizama. Kuna siku alipiga magoti mbele ya mfereji wa barabarani akitafuta kishungi cha sigara, akakishika, akakitazama, akakirudisha kwenye matope, akaingia ndani akalia kwa sauti. Hakumwambia mtu yeyote. Mwanamume aliyezeeka akiliona jina lake kwenye pembe za mabango hapendi habari za mfereji zijulikane.

Kazi hakuzigusa mpaka njaa ilipomlazimisha. Alipewa ubao wa kiwanda cha mikate. Alisimama mbele yake, akachovya brashi, na mdomo, kwa mazoea, ukavuta. Hakukuwa na kitu cha kuvuta ila hewa. Kifua, kwa mazoea, kikaibana. Mkono ukaondoka peke yake, kutoka ukingo hadi ukingo, na ulipofika mwisho akapumua. Mstari ulikuwa umenyooka. Akapiga wa pili, ukanyooka. Alikaa chini juu ya kopo la rangi. Kumbe moshi haukuwa na kazi yoyote pale. Kilichoutuliza mkono miaka yote ni pumzi iliyozuiliwa, na pumzi ilikuwa yake mwenyewe.

Baada ya hapo pua ikarudi. Muuguzi alikuwa amemwambia itarudi, akadhani ataanza kunusa maua. Alichonusa cha kwanza ni chumba chake. Aliingia nyuma kuchukua shuka, akasimama mlangoni akidhani kuna kitu kinaungua. Hakuna kilichoungua. Ulikuwa ni mto wa mkewe. Yalikuwa ni mapazia aliyoyashona, godoro, nguo kwenye msumari. Vyote vilinuka jivu, na chumba hiki ndicho ambamo havuti. Aliinua macho kufuata ile harufu inakotoka, na kwa mara ya kwanza tangu alipoiacha akaitazama ile nafasi ya juu kwa macho yaliyokusudia kuona. Ukuta aliupaka rangi nyeupe, ile ya kopo, akikumbuka vizuri. Chini ulikuwa bado unakaribia weupe. Kadiri ulivyopanda ulikuwa umeingia unjano, na kule juu, sambamba na nafasi ile, ulikuwa na rangi aliyoitambua mara moja kama fundi, akajitazama vidole viwili vya mkono wa kulia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu bwana alikuwa amejenga ukuta na ufa wake pamoja, kwa mkono mmoja, siku moja, akamweka mke wake chini yake ashone.

Alisugua ukuta kwa sabuni, maji yakashuka rangi ya chai. Alifua kila kitambaa. Akaenda kwa seremala, akamweleza. Seremala alizima sigara yake bila kuambiwa. Walipima ile nafasi, wakaikatia fremu nyembamba, wakaitia vioo kutoka pembe hadi pembe. Mwanga ulipita kama kawaida. Kazi yote ilichukua asubuhi moja, na vioo vilikuwa mabaki ya kabati alilolivunja seremala mwaka uliopita. Vilikuwa vimelala nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye cherehani.

Ndipo akavaa shati safi akaenda kumchukua mkewe. Alikwenda kama mtoto mwenye matokeo mazuri ya mtihani. Shemeji alimnusa mlangoni, akamnusa tena, akarudi nyuma hatua moja kumpisha. "Haya," akasema. "Nimeishi nikaona."

Mkewe alikuwa amekaa barazani, amekonda, mikono yake midogo imekunjwa juu ya kanga. Alimtazama muda mrefu. "Umeacha kweli?"

"Nimeacha kweli."

"Ilikuwa ngumu?"

Hapo ndipo alipoharibu. Angesema habari ya mfereji. Angesema habari ya ufunguo. Lakini shemeji alikuwa amesimama pale na mikono kiunoni, na aibu ya miaka yote ile ilikuwa ikimdai kisasi, akajivuna. "Ah, ngumu wapi. Ni mtu kuamua tu. Siku mbili tatu mkono ulinitetemeka, nikanywa maji, basi. Nimegundua sigara si lolote."

Shemeji akapiga makofi. "Si ndiyo nilivyosema? Miaka yote nimesema nini?"

Mkewe hakucheka. "Siku mbili tatu," alisema.

"Mbili tatu tu."

Akaanza kukunja nguo zake taratibu, akiweka moja juu ya nyingine. Ndani ya teksi hakusema neno, naye fundi akadhani anaweka akiba ya pumzi. Nyumbani alimsaidia kuvuka karakana, akamfungulia mlango wa kati, akasimama kando auone ukuta uliosuguliwa. Mama aliketi kitandani, akainua macho mpaka kwenye vioo.

"Na hiyo?"

"Nimeziba. Mwanga umebaki, unaona? Moshi hauwezi kupita tena, hata wa jirani." Alicheka kidogo. "Asubuhi moja tu. Jirani alikuwa na vioo, vimekaa tu pale nyuma."

"Asubuhi moja," mkewe akasema.

Akakusanya pumzi, na alipoanza kusema alisema polepole, kituo kwa kituo, bila hasira, na fundi angetoa chochote apate hasira. "Unajua nimegombana na watu wangapi kwa ajili yako? Dada yangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, tulikosana mwaka mzima. Watoto wetu wenyewe nimewanyamazisha. Wote nimewaambia, msimseme, hawezi. Usiku nikikosa hewa nilikuwa najiambia hivyohivyo. Hawezi, maskini. Nililala kwa neno hilo. Kumbe ulikuwa unaweza."

"Mama, pale barazani nimesema uongo. Ilikuwa ngumu. Nimeteseka. Nimelia, wallahi, nimelia peke yangu humu ndani."

"Na siku ile uliniambia huwezi, ulilia pia." Akamtazama. "Sasa nimwamini yupi? Yule au huyu?"

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wakweli, lakini hilo utamwelezaje mtu ambaye hana pumzi ya kusikiliza maelezo.

"Nilikusamehe kwa sababu huwezi," mkewe akasema. "Sasa nikusamehe kwa sababu gani?"

Alibaki. Hakurudi kwa dada yake, maana hapo ndipo palikuwa kwake na kitanda kilikuwa chake. Alikula alichopikiwa, akasema ahsante. Alijibu alipoulizwa. Watu waliokuja kumpa pole walimsifu mume wake kwa moyo wake wa chuma, wakatolea mfano kwa wanaume wao, naye alisikiliza akitazama chini. Lile neno lake la zamani halikusikika tena, kwa sababu hakuna aliyemsema tena mumewe.

Seremala alikuja siku moja, akamkuta fundi amekaa juu ya kopo la rangi hafanyi kitu. Alitoa paketi, akasita. "Jirani, sikuchokozi. Lakini naona kama ile sababu ya kuacha... imekwisha, ama vipi?" Fundi alikitazama kiberiti, na mgeni wake wa zamani akagonga, kwa nguvu kama siku ya kwanza. Akatikisa kichwa. Kama angewasha sasa, ingekuwa ni kumwambia mkewe kwamba hakuacha kwa ajili yake. Na asipowasha, kila siku inayopita ilikuwa inathibitisha kwamba angeweza. Hapakuwa na upande wa kutokea. Seremala alirudisha paketi mfukoni, wakakaa wakitazama barabara.

Kisha, wiki zilipopita, cherehani ilisikika. Ilisikika kwa mbali, maana vioo vilizuia na sauti pia. Fundi alijawa na furaha, akaacha brashi, akasogea kusikiliza. Ilishona kidogo, ikapumzika, ikashona. Alijiambia anapona. Alijiambia ameanza tena kazi za watu, moyo umerudi mahali pake.

Asubuhi iliyofuata alipoinua macho aliona kuwa vioo vimebadilika rangi. Upande wa chumbani, kutoka pembe hadi pembe, kulikuwa na pazia jipya la kitambaa kizito cha bluu, lenye pindo safi, limetungwa kwenye waya na kuvutwa lote. Mtu asiyeweza kuvuka sebule alikuwa amepanda juu ya kitanda kulitundika.

Fundi aligonga mlango kwa ukucha. "Mama, hutaona kushona humo."

"Naona," sauti ikajibu. "Sina la kushona tena."

Akarudi kwenye ubao wake, bango la zahanati, lile lile la siku zote, marufuku kuvuta. Akachovya brashi, akavuta hewa, akaibana kifuani, akautembeza mkono kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari ulinyooka.